Je, Yafaa Kuinunua Mark X Iliyokwisha Kutumika?

Katika maisha ya mtu wa mshahara wa kadiri, ununuzi wa motokaa ni tendo zito kuliko wengi wetu tunavyokiri. Nyumba hujengwa kidogo kidogo, chumba baada ya chumba. Karo hulipwa muhula kwa muhula. Lakini gari hununuliwa kwa siku moja, kwa fedha nyingi, na aghalabu kwa fedha za mkopo. Mwalimu, muuguzi au karani hutia sahihi katika chama chake cha akiba na mikopo, akakubali kukatwa mshahara kwa miezi 48, na wadhamini wake wakajifunga pamoja naye. Gari likifa katika mwezi wa ishirini, mkopo haufi nalo. Kwa sababu hiyo, swali la gari gani linunuliwe si swali la anasa wala la ushabiki. Ni swali la riziki ya nyumba nzima, na tena ni swali la heshima ya wale waliokubali kudhamini.

Leo tumekusudia kulipima gari moja ambalo limejaa katika barabara zetu, kutoka Mombasa hadi Kisumu, nalo ni Toyota Mark X. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo gari kubwa la kifamilia ambalo mtu wa kipato cha wastani hulitamani anapochoka na vigari vidogo. Pili, gari hili haliundwi tena. La mwisho lilitoka katika kiwanda cha Motomachi, katika mji wa Toyota, mkoa wa Aichi nchini Japani, mnamo Desemba 2019. Basi kila anayelinunua hivi leo hununua kitu kilichokwisha kutumika, ambacho kiwandani hakina mrithi wa jina lake. Yafaa ajue anachokitia mkononi.

NASABA YAKE

Mark X haikuzuka ghafla. Mnamo mwaka 1968 kampuni ya Toyota ilitoa gari lililoitwa Corona Mark II. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko Corona ya kawaida, nalo lilikusudiwa mwenye familia aliyekwisha kupanda cheo lakini ambaye mfuko wake haujafikia kununua Crown. Gari hilo lilizaa matoleo mengi, likapata na ndugu zake: Chaser mwaka 1977 na Cresta mwaka 1980. Wasomaji wa umri wa makamo wataikumbuka nasaba hii kwa jina la Cressida, maana hilo ndilo jina ambalo Mark II ilipewa ilipouzwa katika nchi za nje.

Novemba 2004 jina la Mark II liliwekwa kando na Mark X ikakalia kiti chake. Toleo la kwanza liliuzwa hadi mwaka 2009. Oktoba ya mwaka huo likaingia toleo la pili, ambalo sura yake ilirekebishwa mwaka 2012 na tena mwaka 2016, likaendelea hadi mwisho. Mabadiliko makubwa kati ya wazee hao na Mark X yalikuwa katika injini. Mark II ilijulikana kwa injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, injini ambayo mafundi wetu waliizoea kama wanavyoyazoea majina ya watoto wao. Mark X ilikuja na silinda sita zilizogawanywa safu mbili kwa umbo la herufi V, na kwa mtindo mpya wa kunyunyiza petroli ambao tutaueleza hapa chini, kwa kuwa ndio chanzo cha malalamiko mengi.

Msomaji anayetaka kujua ni Mark X ipi aliyosimama mbele yake hana haja ya kumtegemea dalali. Atazame herufi na tarakimu za mwanzo za nambari ya chesisi. GRX120 ni toleo la kwanza lenye injini ya lita 2.5; GRX121 ni toleo hilo hilo lenye injini ya lita 3; na GRX125 ni la lita 2.5 linalosukumwa na magurudumu yote manne. Katika toleo la pili, GRX130 ni la lita 2.5, GRX133 ni la lita 3.5, na GRX135 ni la lita 2.5 lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Tena ajihadhari na jina. Kati ya mwaka 2007 na 2013 liliuzwa gari lililoitwa Mark X ZiO. Hilo ni gari la namna nyingine kabisa, lenye umbo la kubebea abiria wengi, na ambalo huvutwa na magurudumu ya mbele. Mambo tunayoyasema hapa hayalihusu.

MLANGO WA BANDARI

Hapa Kenya, kiwango KS 1515 cha Shirika la Viwango kimeweka sharti kwamba gari lililotumika lisiingizwe nchini ikiwa limepita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani wake uwe upande wa kulia. Tukiifanya hesabu, tutaona kwamba gari lililosajiliwa Japani mwaka 2019 haliwezi kupita bandarini baada ya kwisha mwaka 2026. Ukiondoa machache yaliyochelewa kusajiliwa hadi mwaka 2020, mlango wa Kilindini umefungwa au unafungwa kwa Mark X. Jirani zetu wa Tanzania hawakuweka marufuku ya namna hiyo, lakini huwatoza ushuru wa ziada wale wanaoagiza magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na ushuru huo huzidi kupanda gari likipita miaka 10.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mnunuzi. Zamani alikwenda katika yadi, akaonyeshwa gari lililoshuka melini, pamoja na karatasi ya mnada wa Japani iliyotaja daraja la gari, kilomita zake na mikwaruzo yake. Gari lililopata kugongwa na kutengenezwa huandikwa herufi R katika karatasi hizo, na mwenye kujua kuzisoma hakudanganyika kwa urahisi. Sasa soko linahama kutoka yadi na kwenda kwa jirani. Gari analouziwa mtu limekwisha kuwa na mwenyewe mmoja, wawili au watatu hapa hapa nchini. Habari za Japani zimepungua thamani. Habari zinazotakiwa ni za barabara zetu na gereji zetu. Je, lilibadilishwa oili kwa wakati? Lilitiwa oili gani? Nani alilifungua, na alilifunga vipi? Maswali hayo hayajibiwi na karatasi ya mnada.

Hapa tena kuna kosa ambalo wengi hulifanya. Wao husoma herufi za nambari ya usajili wakadhani wameusoma umri wa gari. Nambari ya usajili huonyesha gari liliingia nchini lini, wala haionyeshi liliundwa lini. Gari lililosajiliwa hapa mwaka 2015 laweza kuwa liliundwa mwaka 2008. Katika Mark X tofauti hiyo si ndogo, kwa maana la mwaka 2008 ni toleo la kwanza na la mwaka 2010 ni toleo la pili.

SIFA ZAKE

Tuanze na haki yake. Gari hili lina nafasi. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,850, na kwa hiyo watu wanne wazima husafiri bila ya magoti kugonga kiti cha mbele. Uzito wake wa tani moja na nusu hivi hulifanya litulie barabarani, lisirushwe na upepo wa malori makubwa yanapolipita. Kwa kuwa husukumwa na magurudumu ya nyuma, yale ya mbele hubakiwa na kazi ya kuelekeza tu, na usukani huwa mwepesi na wa hakika. Safari ya kutoka pwani hadi Nairobi hupanda kutoka usawa wa bahari hadi kama mita 1,700. Mwenye Mark X ya lita 2.5 hupanda miinuko hiyo na familia yake na mizigo yake bila ya injini kunguruma kwa taabu.

Injini yake haina mkanda wa raba wa kuendesha vali ambao mtu hulazimika kuubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Ina mnyororo wa chuma, na mnyororo huo ukipewa oili safi hudumu muda mrefu sana. Hilo ni gharama moja aliyopunguziwa mwenye gari.

Na juu ya hofu ya spea, yafaa tuseme jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Gari linapoacha kuundwa, watu hudhani spea zake zote hufa siku moja. Sivyo. Injini ya lita 2.5 ya Mark X, ambayo mafundi huijua kwa jina la 4GR-FSE, ilitumika pia katika Toyota Crown na katika Lexus IS 250, magari yaliyouzwa kwa wingi duniani. Maadam magari hayo yapo, pampu, plagi, sensa na gasketi zitapatikana. Kinachoadimika kwanza ni vitu vya nje ambavyo ni vya gari hili peke yake: taa kubwa, bampa, vioo vya pembeni, milango na urembo wake. Kwa hiyo mnunuzi wa gari lililoacha kuundwa hana budi kuligeuza desturi yake ya ukaguzi. Taa iliyopasuka, ambayo katika gari jingine ni jambo dogo la kuombea punguzo, katika gari hili laweza kuwa jambo la kutafuta kwa miezi.

KASORO ZAKE

Sasa tuseme na upande wa pili, na tuanze na ule mtindo wa kunyunyiza petroli. Katika injini za kawaida, petroli hunyunyizwa nje ya silinda, ikapita juu ya vali za kuingizia hewa kabla ya kuungua. Ikipita hapo huziosha vali hizo kila mara. Katika injini ya 4GR-FSE, petroli hunyunyizwa ndani ya silinda moja kwa moja. Faida yake ni nguvu na upungufu wa matumizi ya mafuta. Hasara yake ni kwamba vali haziogi tena. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini hugandamana juu yake, ukaungua, ukawa masizi magumu kama ya chungu cha kuni. Hewa ikazuiliwa njia. Mwenye gari huona injini ikitetemeka asubuhi inapowashwa, ikipumua vibaya kwenye taa za barabarani, na nguvu ikipungua. Nchini Marekani wenye Lexus IS 250 walilalamika sana kwa sababu hiyo hiyo, na dawa yake ni kuifungua sehemu ya juu ya injini na kuzisafisha vali, aghalabu kwa kuzipulizia chembe za maganda ya jozi zilizosagwa. Hiyo ni kazi ya fundi mjuzi, wala si ya kila gereji ya kando ya njia.

Injini ya lita 3.5 haina kasoro hiyo kwa kiasi hicho, kwa kuwa ilipewa vinyunyizio vya aina zote mbili. Lakini nguvu yake ni farasi 318, katika nchi ambayo mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kilomita 110 kwa saa. Mwenye familia hana kazi na nguvu hizo, na kila mwezi atazilipia kituoni.

Kasoro ya pili ni ulaji wa oili. Wenye injini hii wengi, hasa wa toleo la kwanza, wamelalamikia kupungua kwa oili baina ya huduma moja na nyingine kwa sababu ya kuchakaa kwa ringi za pistoni. Gari linalokula oili si lazima liwe limekwisha, lakini mwenyewe asipozoea kuchomoa kijiti na kupima, ataiua injini kwa ukavu. Oili chache ndiyo inayoulegeza ule mnyororo tuliousifu.

Ya tatu ni giaboksi. Ni ya gia za kujibadilisha zenyewe, na haina kijiti cha kupimia mafuta yake kama zilivyokuwa zile za zamani. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi hawakuyabadilisha mafuta hayo hata mara moja, wakidhani yaliumbwa pamoja na gari. Mafuta yanayochemka na kupoa kwa miaka kumi katika joto letu na misongamano yetu hayawezi kubaki yalivyokuwa. Gari linalostuka linapobadilisha gia, au linalosita kabla ya kuondoka, limekwisha kumwambia mnunuzi habari yake.

Ya nne ni kimo. Tumbo la gari hili liko takriban sentimita 15 tu juu ya ardhi. Juu ya lami halina tatizo. Juu ya matuta yasiyopimwa na barabara za changarawe, tumbo hilo hukwaruza, bampa hupasuka, na bushi za mikono ya magurudumu huchakaa mapema. Mtu ambaye nyumba yake iko kilomita kumi ndani ya barabara ya udongo ajiulize mara mbili.

Na ya tano ni ya wale wenye watoto wengi. Kwa kuwa nguvu hupelekwa nyuma, shimoni ya gari hupita katikati ya sakafu, na juu yake kuna nundu. Abiria wa tano hukaa akiwa amepanua miguu kama aliyepanda punda. Kwa safari ya sokoni si neno. Kwa safari ya Mombasa hadi Busia ni adhabu.

LILIVYO LA KUCHUNGUZWA

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la magari methali hii yataka hadhari, kwa maana Mark X mbovu nayo hujiuza. Umbo lake ni la kuvutia, rangi ikipakwa upya hung'aa, na viti vikioshwa hunukia. Kwa hiyo mnunuzi na afuate utaratibu huu, tena asione haya.

Aende asubuhi, na amwarifu mwenye gari asiliwashe kabla hajafika. Aguse boneti. Likiwa lina joto, aulize kwa nini. Injini baridi husema kweli ambazo injini moto huzificha: mtetemo wa masizi, mlio wa mnyororo uliolegea, na moshi wa buluu wa oili inayoungua. Kabla ya kuwasha, achomoe kijiti cha oili. Oili iliyo chini ya alama ya chini ni ushahidi wa jinsi gari lilivyotunzwa, hata kama muuzaji atasema alisahau juzi tu.

Afungue ufunguo bila ya kuwasha injini. Taa zote za tahadhari kwenye dashibodi zinapaswa kuwaka, kisha zizime injini ikishawaka. Taa ya injini ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko ile inayowaka, maana huenda kuna mtu aliyeinyamazisha. Baada ya hapo fundi achomeke mashine yake ya kusomea kompyuta ya gari. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na gharama yake ni ndogo mno mbele ya bei ya gari.

Atazame chini ya gari. Magari mengi ya kusukumwa na magurudumu manne yalitumika katika sehemu za theluji kama vile Hokkaido, ambako chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chuma kwa chini, na hewa yetu ya pwani huimalizia kazi. Kutu juu ya boliti si ajabu. Kutu inayomeguka kwa bisibisi kwenye chesisi ni sababu ya kurudi nyumbani.

Alinganishe matairi yote manne. Yaliyolika upande mmoja yanaeleza habari za bushi au za ajali. Ya nyuma yaliyolika mno kuliko ya mbele huenda yakaeleza habari za dereva, kwa sababu gari hili lina sifa mbaya ya kupendwa na vijana wenye haraka. Gari lililozungushwa magurudumu kwa ajili ya kushangiliwa usiku haliwezi kuwa sawa na lililompeleka mzee ofisini, hata kama mita zao zinasoma kilomita zile zile. Na kuhusu mita yenyewe, isiaminiwe peke yake. Usukani uliolika, pedeli ya breki iliyosuguka na kiti cha dereva kilichozama havipatani na kilomita 60,000.

Mwisho, atazame nambari ya injini na ya chesisi, azilinganishe na kitabu cha gari. Injini iliyobadilishwa bila ya kuandikishwa humletea mnunuzi matata na polisi, wala si muuzaji. Kabla ya kulipa, aombe taarifa za gari kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, ajue jina la mwenyewe na kama kuna benki inayolidai. Na uhamisho wa umiliki ufanywe siku ile ile, usiachwe kuwa deni la urafiki.

Tungependa kuwakumbusha wauzaji nao kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kauli za uongo juu ya bidhaa. Kurudisha nyuma mita ya gari si werevu wa biashara. Ni kumwibia mtu miaka ya jasho lake.

HESABU YA MATUMIZI

Bei ya kununua ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni matumizi ya kila mwezi. Tuchukue mfano wa mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hizo ni kilomita 1,040. Mark X ikienda kilomita 8 kwa lita moja, jambo lisilo la ajabu katika msongamano wa mjini, atahitaji lita 130. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita lingehitaji lita 74 hivi. Tofauti ni lita 56 kwa mwezi, au lita 672 kwa mwaka. Tangi la Mark X huchukua lita 71. Maana yake ni kwamba kila mwaka mwenye Mark X hujaza tangi mara tisa na zaidi kwa ajili ya fahari na nafasi peke yake. Azidishe lita hizo kwa bei inayotangazwa kila katikati ya mwezi, kisha alete jibu mezani mbele ya mkewe, au mke mbele ya mumewe, kabla ya kutia sahihi mkopo.

Juu ya petroli kuna bima, matairi makubwa ya kuanzia inchi 16, plagi sita badala ya nne, na oili nyingi zaidi. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachotisha kikiwa peke yake. Kinachowaangusha watu ni kuvikuta vyote bila ya kuvitarajia. Kwa hiyo tunashauri kwamba mwenye fedha za kununua gari asizitumie zote kwa gari. Sehemu moja katika tano aiweke kando kwa ajili ya mwaka wa kwanza: kubadilisha oili ya injini na mafuta ya giaboksi, kusafisha vali, bushi, matairi, na pampu ya maji ikianza kuvuja. Ikiwa hawezi kuiweka sehemu hiyo, basi gari alilolichagua limemzidi kwa sehemu moja katika tano.

HUKUMU YETU

Baada ya kuyapima yote hayo, tunaona kwamba Mark X si gari la kukataliwa, wala si gari la kila mtu. Linamfaa mwenye familia ya watu wanne au watano, anayekaa karibu na lami, ambaye mwendo wake wa kila siku si mrefu lakini mara kwa mara huwachukua watu wake kwenda mbali. Huyo atapata utulivu na usalama wa gari kubwa kwa bei ambayo gari jipya la kadiri hiyo halitampa kamwe. Achague toleo la pili, la lita 2.5, hasa la baada ya marekebisho ya mwaka 2012. Injini ya toleo hilo ilipunguzwa nguvu kutoka farasi 215 hadi 203 ili iridhike na petroli ya kawaida, ilhali ile ya kwanza ilitaka petroli ya daraja la juu. Kwa vituo vyetu, farasi 12 zilizopotea si hasara hata kidogo.

Halimfai anayetaka gari la kumwingizia fedha, kwa kuwa petroli itakula faida yake. Halimfai anayeishi ndani ya barabara ya changarawe. Halimfai mwenye watoto watano. Na zaidi ya wote, halimfai yule ambaye analitaka ili majirani wamwone, huku akijua moyoni kwamba mwezi wa tatu atalitia oili ya bei rahisi na kumwita fundi wa bei rahisi. Magari mengi ya aina hii yaliyosimama juu ya mawe katika nyua za watu hayakuuawa na umri. Yaliuawa na wenyewe waliomaliza fedha siku ya kununua.

Katika miaka ijayo gari hili litazidi kupungua. Kila litakalogongwa halitapata badala, na kila taa itakayovunjika itaitwaa taa ya jingine. Hali hiyo itayapandisha thamani yale yaliyotunzwa vizuri na kuyashusha yaliyodhulumiwa, hata ifike siku ambapo magari mawili ya mwaka mmoja na rangi moja yatakuwa na bei zisizofanana kabisa. Kwa hiyo mwenye Mark X leo aanze kuweka stakabadhi zake zote, za oili, za spea na za gereji, katika bahasha moja ndani ya gari. Na anayetaka kununua aiulizie bahasha hiyo kabla ya kuuliza bei. Muuzaji asipokuwa nayo, mnunuzi alihesabu gari hilo kuwa halikupata huduma yoyote, atoe bei ya gari la namna hiyo, na ikikataliwa aondoke na fedha zake mfukoni.